Mudimbe, mwana wa Likasi aliyeuliza nani alitupa majina

MFANYABIASHARA anayetoka Jinja na shehena ya sukari kuelekea Kongo hubadilisha lugha kama anavyobadilisha fedha. Nyumbani na sokoni huongea Kisoga au Kiganda. Barabarani, kwa madereva na mawakala, huongea Kiswahili. Karatasi za mamlaka ya mapato ya Uganda huzijaza kwa Kiingereza. Akishavuka Mpondwe na kuingia Kasindi, karatasi zinageuka Kifaransa. Forodha inakuwa DGDA, wakaguzi wa bidhaa wanakuwa OCC, idara ya uhamiaji inakuwa DGM. Mzigo ni ule ule na mwenye mzigo ni yule yule, lakini kila ofisi inamwandika kwa maneno yake, na mara nyingi anatia saini kwenye karatasi asiyoweza kuisoma.

Mwenzake wa Mbale, anayepitisha mzigo Soroti na Lira hadi Arua, kisha akavuka kwenda Ariwara, yumo katika hali hiyo hiyo.

Kuna mtu wa Kongo aliyetumia maisha yake yote ya usomi kulichunguza jambo hili. Ni Profesa V. Y. Mudimbe, aliyefariki dunia nchini Marekani Aprili 2025 akiwa na umri wa miaka 83. Hakuwa mfanyabiashara wala mwanasiasa. Alikuwa mwalimu wa lugha na fasihi ya Kifaransa, na mmoja wa wasomi wakubwa wa Afrika katika nadharia ya uhakiki, yaani ule usomi unaochukua maneno tuliyoyazoea na kuuliza yalitoka wapi na yanamtumikia nani.

Swali lake kubwa lilikuwa jepesi kulitamka: Maneno tunayotumia kujieleza sisi wenyewe, nani aliyaandika kwanza, na aliyaandika kwa faida ya nani?

Huenda swali hilo likaonekana kuwa la darasani. Lakini mtu wa Jinja au Mbale akilichukua na kutazama mto wake, mlima wake na karatasi zake za forodha, atakuta kwamba linamhusu yeye kabla ya kumhusu profesa yeyote.

Kutoka mji wa shaba

Mudimbe alizaliwa tarehe 8 Desemba 1941 katika mji uliokuwa ukiitwa Jadotville, ambao leo ni Likasi, katika Katanga. Ulikuwa mji wa migodi ya shaba chini ya kampuni ya Union Minière. Wafanyakazi waliletwa kutoka pande nyingi: Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko. Watu wasiosikilizana kwa lugha za kwao walihitaji lugha ya pamoja, na Kiswahili ndicho kilichoshika kambi za wafanyakazi, masoko na mitaa ya miji ile.

Jina lenyewe la mji lilikuwa somo. Jadotville ni mji wa Jadot, yaani Jean Jadot, mhandisi wa Kibelgiji aliyekuwa mkubwa wa kampuni hiyo. Mtoto alizaliwa katika mji ulioitwa kwa jina la meneja.

Wamisionari walimchukua angali mdogo wakamsomesha seminari. Baadaye aliingia utawa wa Wabenediktini katika monasteri ya Gihindamuyaga, Rwanda. Huko kijana wa Kiswahili aliishi kwa Kifaransa, Kilatini na Kigiriki, kwa saa za kengele na vitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliacha maisha ya utawa, lakini hakuacha vitabu.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo, akasomea lugha zilizozaliwa na Kilatini, Kifaransa kikiwa kimojawapo. Kutoka hapo alikwenda Ufaransa na Ubelgiji, na mwaka 1970 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Louvain.

Utafiti wake wa udaktari ulihusu neno moja tu: “air”, yaani hewa. Alilifuata neno hilo kutoka Kigiriki hadi Kilatini na kutoka Kilatini hadi Kifaransa, akitazama maana zilizoongezeka na zilizopotea njiani. Kazi hiyo ilichapishwa kama kitabu mwaka 1979.

Mtu wa biashara anaweza kucheka kusikia msomi amemaliza miaka kwa neno moja. Lakini kazi hiyo anaijua vizuri. Mzigo unapofika mpakani, ofisa huomba cheti cha uasilia: bidhaa hii imelimwa wapi, imetengenezwa wapi, imepita mikono ya nani? Mudimbe aliliomba neno cheti chake cha uasilia. Baada ya hapo hakuacha tabia hiyo maisha yake yote.

Herufi mbili zilizobaki

Aliporudi nyumbani alikuta nchi inabadilishwa majina. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa, na kitivo cha lugha na fasihi kikapelekwa Lubumbashi. Mudimbe alifundisha huko na kuwa mkuu wa kitivo hicho. Mwaka huo huo Kongo ikawa Zaire. Mwaka 1972 wananchi waliamriwa kuacha majina ya Kikristo na kuchukua majina ya Kiafrika.

Yeye alikuwa Valentin-Yves. Akawa Vumbi Yoka. Herufi mbili za mwanzo, V na Y, zilibaki pale pale, na ndizo alizoandika juu ya vitabu vyake hadi mwisho. Aliyemfahamu kwa jina la ubatizo alizisoma hivyo, na aliyemfahamu kwa jina la Kizaire alizisoma vile. Mtu aliyekuwa na jina alilopewa na kanisa, kisha akapewa agizo la jina na serikali, alibaki na kile ambacho wote wawili hawakukigusa.

Miaka ile wengi waliamini kwamba kubadilisha jina ni kujikomboa. Mudimbe hakuridhika. Katika insha na riwaya alizoandika kwa Kifaransa miaka ya 1970, aliuliza huyo “Mwafrika halisi” aliyetangazwa na serikali alichorwa na nani. Akaona kwamba picha yake mara nyingi ilitoka katika vitabu vile vile vya wamisionari na wataalamu wa makabila. Walioandika kwamba Mwafrika ni mtu wa ngoma, ukoo na mizimu walikuwa wageni. Sasa wenyeji waliikumbatia picha hiyo wakadhani wameichora wao.

Mwaka 1982 alitoa kitabu cha insha alichokiita L'Odeur du père, yaani harufu ya baba. Baba ametoka nyumbani, lakini harufu yake imebaki nguoni na kitandani. Hoja yake kubwa humo ni kwamba anayetaka kweli kujitenga na Ulaya sharti kwanza ajue bei ya kujitenga huko. Ajue pia kwamba hata silaha anazozitumia kuipinga Ulaya huenda amezinunua kwenye duka la Ulaya. Hapo ndipo anapotofautiana na wapiga kelele: yeye alipiga hesabu kwanza.

Wakati kitabu hicho kinatoka, alikuwa tayari uhamishoni. Mwaka 1980 utawala wa Mobutu ulitaka kumwingiza katika Kamati Kuu ya chama cha MPR, chama pekee nchini. Kwa msomi yeyote wa wakati ule, hilo lilikuwa gari, nyumba na ulinzi. Pia lilikuwa kuwa sauti ya mwingine. Mudimbe aliondoka nchini. Alipoteza chuo alichokijenga, wanafunzi waliosikia mifano yake bila kutafsiriwa, na mji ambao Kiswahili chake kilikuwa lugha yake ya utotoni.

Marekani alifundisha Haverford, kisha Chuo Kikuu cha Duke, na pia Stanford kabla ya kurudi Duke. Mwaka 1988 alitoa kitabu kilichompa jina duniani, The Invention of Africa, yaani kubuniwa kwa Afrika. Mwaka 1989 kitabu hicho kilipata tuzo ya Herskovits, inayotolewa Marekani kwa kazi bora ya usomi kuhusu Afrika.

Maktaba isiyo na mlango

Neno lake lililosafiri mbali kuliko yote ni “maktaba ya kikoloni”. Si jengo. Ni rundo la maandishi yote ya wasafiri, wamisionari, maofisa na wataalamu wa makabila: ripoti, ramani, kamusi, picha, takwimu za kodi. Katika rundo hilo Afrika iliandikwa kabla Waafrika hawajaulizwa. Kila aliyekuja baadaye, awe rafiki au adui wa ukoloni, alianza kwa kusoma humo. Maktaba hiyo haina mlango, ndiyo maana ni vigumu kutoka.

Mudimbe alieleza kwamba ukoloni ulifanya mambo matatu kwa pamoja. Ulitwaa ardhi. Ulibadilisha akili za wenyeji. Na ulizifunga chumi za wenyeji kwenye uchumi wa Ulaya. Alikumbusha pia kwamba neno lenyewe “koloni” limetoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kulima na kupanga. Mkoloni alijiona mpangaji wa shamba ambalo kabla yake lilikuwa pori.

Haya si maneno ya kuhifadhiwa Duke. Tuyashushe Jinja.

Jinja: maporomoko yaliyopewa jina la bwana

Tarehe 28 Julai 1862, Mwingereza John Hanning Speke alifika mahali ambapo maji ya ziwa yanaanza safari ya kwenda Misri. Msafara wake ulikuwa na watu wa kutoka Unguja, akiwemo kiongozi mashuhuri Sidi Mubarak Bombay, na lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili. Basoga waliuita mto huo Kiyira. Mahali penyewe pana jina linalotokana na mawe, kwa kuwa jinja ni jiwe katika lugha za huku.

Speke aliyaita maporomoko hayo Ripon, kwa heshima ya bwana mmoja wa Uingereza aliyekuwa mkuu wa chama cha wanajiografia mjini London. Bwana huyo hakuwa na habari na mawe hayo. Lakini jina hilo ndilo lililoingia kwenye ramani, na kwa kuwa liliingia kwenye ramani, likaingia shuleni. Vizazi vya watoto wa Busoga vilijibu katika mtihani kwamba mto uliopita mbele ya nyumba za babu zao “uligunduliwa” mwaka 1862.

Hiyo ni ardhi na akili. Uchumi ulifuata. Mwaka 1912 reli ya Busoga ilifunguliwa kutoka Jinja hadi Namasagali. Haikujengwa ili watu wa Busoga watembeleane. Ilijengwa ili pamba itoke. Mwaka 1954 likafunguliwa bwawa la umeme la Owen Falls, jina jingine la Mwingereza, na maji yake yakayafunika maporomoko ya Ripon. Jina liliishi zaidi ya kitu chenyewe: maporomoko hayapo, lakini Ripon bado inasomwa.

Leo bwawa hilo linaitwa Nalubaale, jina ambalo Baganda huliita ziwa. Ni jambo jema. Lakini mwanafunzi wa Mudimbe angeuliza swali la pili: Pamoja na jina kubadilika, je, umeme huo unamfikia fundi cherehani wa Jinja kwa bei anayoimudu? Kubadilisha kibao ni mwanzo wa kazi. Mudimbe alilijua hilo kwa jina lake mwenyewe.

Mbale: watu walioitwa na majirani

Mbale inatufundisha jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: si Wazungu peke yao waliotuandika.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Semei Kakungulu, jenerali wa Buganda, aliingia nchi ya mashariki akiwa na watu wake na kibali cha Waingereza. Ndiye aliyeifanya Mbale kuwa makao. Utawala uliofuata ulifuata mtindo wa Buganda, na Kiganda kikawa lugha ya ofisi kwa watu ambao hawakuwa Baganda. Eneo hilo likaitwa Bukedi, jina ambalo Baganda waliwapa majirani zao kwa maana ya watu walio uchi. Dharau ya jirani iligeuka kuwa jina la wilaya, na hadi leo limo kwenye karatasi.

Mlima ambao ramani inauita Elgon, wenyewe wanauita Masaba. Watu ambao serikali iliwaandika Bagisu hujiita Bamasaba. Kisha mwaka 1902 Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda na kuuhamishia upande wa pili, ambao leo ni Kenya. Tangu hapo Bamasaba wa Mbale na Babukusu wa Bungoma, ambao ni ndugu na wanaotahiri vijana wao kwa desturi ya imbalu katika miaka inayogawanyika kwa mbili, wakawa raia wa nchi mbili. Mwanamke anayevuka Lwakhakha na kuku wake leo kwenda kwa shangazi yake anaitwa mfanyabiashara wa kuvuka mpaka. Bibi yake alikuwa anakwenda sokoni tu.

Lakini Mbale ina mfano mwingine unaoonyesha kwamba maktaba ya wengine inaweza kusomwa kwa macho yako. Kakungulu huyo huyo aligombana na Waingereza. Akachukua Biblia aliyoletewa na wamisionari, akaisoma mwenyewe, akafikia uamuzi wake. Takriban mwaka 1919 alianzisha jumuiya ya Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, ambao hadi leo wana sinagogi lao katika kilima cha Nabugoye nje ya Mbale. Usikubali wala usikatae imani yake, tazama kitendo. Alipewa kitabu pamoja na maelezo yake, akachukua kitabu na kuyaacha maelezo.

Mbale pia ina Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofungua milango mwaka 1988, mwaka ule ule ambao kitabu kikubwa cha Mudimbe kilitoka. Nchi za Kiislamu zilipoamua mwaka 1974 kujenga vyuo vikuu barani Afrika, ziliamua kujenga viwili: kimoja Say, nchini Niger, kwa wanaosoma kwa Kifaransa, na kimoja Uganda kwa wanaosoma kwa Kiingereza. Dini ni moja, sala ni kwa Kiarabu, lakini mpaka wa elimu ulifuata mstari uliochorwa na London na Paris. Hakuna mfano ulio wazi kuliko huo wa harufu ya baba kubaki nyumbani.

Na Kiswahili je?

Hapa msomaji wa gazeti la Kiswahili atasema: basi tutumie Kiswahili, mambo yaishe. Mudimbe asingekubali upesi hivyo.

Kiswahili cha Katanga alikokulia kilikuwa pia chombo cha kampuni na cha wamisionari. Johannes Fabian, msomi aliyewahi kufundisha Lubumbashi miaka ya 1970, aliandika kitabu kizima kilichochapishwa mwaka 1986 kuonyesha jinsi Wabelgiji walivyokishika Kiswahili na kukifanya lugha ya amri kazini. Uganda nayo ina kumbukumbu zake. Kwa watu wengi Kiswahili kilikuja na mtu mwenye bunduki, na ndiyo sababu mzee wa Jinja anaweza kukielewa vizuri na bado akajibu kwa lugha nyingine.

Hata hivyo, katika Katanga hiyo hiyo kilitokea kitu ambacho kila mfanyabiashara anapaswa kukijua. Mwaka 1965, watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu waliandika historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Waliiandika kwa Kiswahili chao cha mtaani, na mkusanyaji wake aliitwa André Yav. Hawakuwa na shahada. Waliandika walivyoiona kazi, mshahara, kipigo na vita. Fabian aliyachapisha maandishi hayo mwaka 1990. Mudimbe aliuliza kwa Kifaransa nani aliandika habari zetu. Wapishi na madobi wa mji wa jirani walikuwa wamekwisha anza kuziandika.

Hapo ndipo lilipo deni la profesa. Vitabu vyake vimeandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza kigumu, na vilitolewa na wachapishaji wa mbali. Kijana wa Likasi anayeuza muda wa maongezi hawezi kuvipata, na akivipata atahitaji msaada kuvisoma. Mtu aliyeeleza vizuri kuliko wote kwamba Afrika iliandikwa kwa lugha za wengine, naye aliiandika kwa lugha hizo. Alijua hivyo, kwa maana alikuwa amekwisha sema kwamba silaha zenyewe zimetoka dukani kwa mwenye duka. Lakini kulijua deni si kulilipa, na kazi ya kuyaleta mawazo yake katika Kiswahili imebaki kwetu.

Wakati wake ni huu. Februari 2021, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Kongo ilipokelewa Machi 2022 na kuwa mwanachama kamili Julai mwaka huo. Uganda, ambayo tangu mwaka 2005 katiba yake inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, ilipata Julai 2022 uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa kukitumia rasmi na kukifundisha shuleni. Uamuzi upo kwenye karatasi. Swali ni lini utafika kwenye dirisha la forodha.

Forodha ni kazi ya kutoa majina

Ukiondoa mihuri na foleni, kazi ya forodha ni moja: kukipa kitu jina. Ushuru unafuata jina. Bidhaa ikiandikwa kwa jina lisilo lake, inatozwa ushuru usio wake, na mwenye mzigo ndiye anayelipa.

Majina hayo yana kitabu. Ni orodha ya dunia nzima ya bidhaa, yenye namba za tarakimu sita, inayosimamiwa na shirika la forodha la dunia lenye makao yake Brussels. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1988, na maandishi yake rasmi ni ya Kiingereza na Kifaransa. Orodha hiyo inasaidia sana, kwani bila yake kila mpaka ungekuwa na kamusi yake. Lakini nayo ni maktaba iliyoandikwa na wengine.

Chukua ndizi. Mchuuzi wa Mbale anatenganisha kwa jicho moja matoke ya kupika, ambayo Bamasaba huita kamatore, gonja ya kuchoma, mbidde ya pombe, na ndizi za kuiva, bogoya na zile ndogo tamu. Kila moja ina mteja wake, bei yake na siku zake za kuoza. Katika orodha ya dunia zote ziko chini ya namba 0803, ambayo ina matawi mawili tu: ndizi za jamii ya mzuzu, na nyinginezo. Elimu yote ya mama yule imewekwa ndani ya neno “nyinginezo”.

Mudimbe hakufundisha kwamba tuichome orodha. Alifundisha kwamba tuisome tukijua nani aliiandika, ili tujue pa kuhoji. Kwa mwenye mzigo, hilo lina maana hii.

Kwanza, jua jina la bidhaa yako katika lugha zote tatu za safari, na namba yake, kabla ya kufika mpakani. Wakongo huita forodha “duane” na ankara “facture”. Maneno kama thelathini ya Kifaransa, yakijulikana barabara, yanampunguzia mtu kumtegemea kila anayejitolea “kumsaidia” kwenye foleni.

Pili, kwa mizigo midogo ya bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya, yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, upo utaratibu wa cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa pale pale mpakani. Mwenye cheti hicho hapaswi kutozwa ushuru wa forodha kwa bidhaa iliyomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Anayekuambia vinginevyo mwombe akuonyeshe palipoandikwa.

Tatu, vyama vya wafanyabiashara vya Jinja, Mbale, Malaba na Busia vina haki ya kuomba fomu na mabango ya bei kwa Kiswahili, kwa kuwa lugha hiyo sasa ni rasmi katika Jumuiya. Fomu ya Kiswahili haitaondoa ushuru, lakini mtu atajua anatia saini nini.

Nne, andikeni. Watumishi wa Elisabethville hawakumsubiri profesa. Chama chenye daftari la bei, vikwazo, siku mizigo ilipozuiwa na sababu iliyotolewa, kina jambo la kuweka mezani siku ya mkutano na maofisa. Chama kisicho na daftari kitasomewa ripoti iliyoandikwa na mtu aliyekaa mpakani siku tatu.

Mwana wa Likasi alitoka katika mji wenye jina la meneja. Mji huo leo una jina lake. Yeye alibaki na herufi mbili ambazo kanisa lilimpa na serikali ikashindwa kumnyang'anya, akaandika juu yake zaidi ya vitabu ambavyo mtu mmoja angetegemewa kuviandika. Mizigo ya Jinja na Mbale inaendelea kupita kwenye mipaka ambayo wengine waliichora. Yatakayoandikwa kwenye karatasi za mizigo hiyo, na kwa lugha gani, ni jambo ambalo wenye mizigo bado wanaweza kulisemea.